Mtazameni Anavyocheza: Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni na Mimba Zenye Vidokezo vya Hatari

Hii ni hotuba niliyoitoa Dodoma mbele ya wakunga, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi wa Kanda ya Kati. Naiweka hapa nzima kwa ajili yenu ambao hamkuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mbukwenyi!

Ahsanteni sana. Mgeni rasmi, viongozi wetu wa mkoa na wilaya, waganga wafawidhi, wakunga wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, akina mama na akina baba mliotoka Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa, pamoja na wenyeji wetu wa jiji, naomba itifaki izingatiwe, tuingie kazini.

Nina swali. Mama mjamzito akitoka chumba cha utrasaundi, ndugu waliokuwa wanamsubiri kwenye benchi humuuliza nini?

Nimewasikia. "Wa kike au wa kiume?" Naam, ndilo swali lenyewe. Wala si kosa, mtoto ni wao na wana haki ya kumfurahia. Ila nigeukie upande wetu sisi tunaoshika mashine. Tunaandika nini kwenye ile karatasi? Mlalo wa mtoto. Kondo limekaa wapi. Maji yanatosha au hayatoshi. Makadirio ya uzito. Mapigo ya moyo. Tunagonga muhuri, tunaita anayefuata. Sasa nawauliza wakunga wenzangu: ubongo uko wapi kwenye karatasi hiyo? Upana wa kichwa tumeuandika, ndiyo, lakini tumeutumia kukadiria umri wa mimba. Ubongo wenyewe hatukuutazama.

Ombi langu leo ni hili. Kwa mimba zenye vidokezo vya hatari, tusiishie kumpima mtoto ukubwa. Tuutazame ubongo wake: umbo lake, damu inavyoufikia, na mwendo ambao ubongo huo unautuma kwenye mikono, uso na miguu. Na kazi hiyo haianzii hospitali ya rufaa. Inaanzia zahanati, kwenye miezi mitatu ya kwanza, mikononi mwenu ninyi mliokaa hapa.

Mimba zipi? Mama mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kupata kifafa cha mimba. Mwenye kisukari. Mwenye seli mundu. Mwenye kundi la damu hasi ambaye mumewe ni chanya. Mwenye mapacha wanaotumia kondo moja. Aliyepata homa na vipele mwanzoni mwa mimba. Yule ambaye tumbo halikui wiki zinavyokwenda. Na aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, kichwa kikubwa au utindio wa ubongo.

Huyo wa mwisho naomba nimkalie kidogo. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mama anaulizwa kliniki, "Umezaa wangapi?" Anajibu watatu. Inaandikwa tatu. Hakuna anayemuuliza yule wa pili anaendeleaje. Yuko nyumbani, ana miaka sita, hajawahi kukaa mwenyewe, bibi yake anamlisha uji kwa kijiko, taratibu, asipaliwe. Mama hakuficha kwa ubaya. Hakuulizwa, na amechoka kusemwa. Basi ulizeni! Mkiwa wawili, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini: "Mama, watoto wako wote wanatembea? Wote wanaongea?" Maswali mawili tu, na kadi ya kliniki inabadilika.

Kabla sijaendelea, niondoe hofu moja. Wapo wanaosema utrasaundi ni mionzi na inaunguza mtoto. Si mionzi. Ni sauti, ya juu kupita kiasi sikio la binadamu linachoweza kusikia. Inaingia tumboni, inagonga, inarudi, mashine inachora picha. Ian Donald, daktari wa akina mama wa Glasgow kule Uskoti, aliona viwandani wanatumia sauti hiyo kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Akaungana na mhandisi Tom Brown na daktari mwenzake John MacVicar, na mwaka 1958 wakachapisha kazi yao katika jarida la Lancet. Ndiko tulikotoka. Tunaitumia kwa sababu na kwa kiasi, hasa dopla, yaani ile inayoonyesha mwendo wa damu, katika wiki za mwanzo, lakini hakuna mama anayepaswa kukimbia kipimo hiki kwa kuogopa mionzi.

Sasa umbo.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama bamba jembamba linalojikunja hadi likawa mrija. Mrija huo hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa. Wiki nne! Ni akina mama wangapi hapa walijua wana mimba wakati huo? Mrija ukibaki wazi upande wa chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Ukibaki wazi juu, fuvu na ubongo havijengeki, na mtoto huyo hawezi kuishi.

Kati ya wiki ya 18 na ya 22 tunaweza kuona mengi, ilimradi tuwe tumekusudia kuyaona. Tunapima vyumba vya maji ndani ya ubongo. Upana wake haupaswi kufika milimita 10. Tunatazama lile daraja la nyuzi linalounganisha ubongo wa kulia na wa kushoto. Tunateremka kisogoni kutazama ubongo mdogo wa nyuma. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides na wenzake wa London walieleza jambo ambalo kila mpimaji anapaswa kulijua: mgongo ukiwa wazi, ubongo huvutwa kuelekea chini, paji la uso hubonyea pande zote mbili hadi kichwa kikawa na umbo la limau, na ubongo mdogo wa nyuma hujikunja kama ndizi. Kwa hiyo ukiona limau kichwani, usimwambie mama ashuke kitandani. Nenda mgongoni, pingili moja baada ya nyingine.

Lakini wiki ya 20 haijamaliza kazi. Katika umri huo uso wa ubongo bado ni laini, mikunjo karibu haipo. Inajitokeza wiki zinavyosonga, na mtoto wa miezi tisa ana ubongo uliokunjamana kama wetu. Kwa mimba ya kawaida, kuangalia mara moja kunaweza kutosha. Kwa mama mwenye vidokezo vya hatari, tunarudi tena kuangalia baada ya wiki ya 28, kwa sababu kuna matatizo ambayo wiki ya 20 bado hayajajitokeza.

Kuna mama mmoja, mkulima wa alizeti. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Walisafirishwa hadi Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mtoto akafanyiwa upasuaji, na leo anasoma akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Nyumbani ilisemwa kwamba ni laana ya upande wa mke. Muuguzi mkunga wa zahanati ya kijiji chao, dada ambaye hata mashine ya utrasaundi hana, alimwambia neno moja: "Kabla hujabeba tena, njoo unione." Akaja. Akaandikiwa foliki, vitamini inayosaidia ule mrija ufunge, miligramu 5 kila siku, kwa sababu mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto wa aina hiyo anahitaji dozi kubwa. Wengine wanatosheka na miligramu 0.4. Alianza vidonge miezi mitatu kabla ya kushika mimba.

Wiki ya 20 walikuja wote wawili. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha mviringo mzuri. Tukashuka mgongoni. Mume wake akasogea, akaweka kidole chake juu ya kioo cha mashine, akawa anazihesabu pingili kimya kimya kutoka shingoni kwenda chini, midomo inacheza. Hakuna aliyemkatiza. Alipofika mwisho alimtazama mkewe, akasema, "Zimefunikwa zote."

Na kama tungekuta mgongo uko wazi? Bado kuona kungekuwa na faida. Wangejua mapema wajifungulie wapi, na upasuaji wa kufunga mgongo ungefanyika siku za mwanzo, kabla bakteria hawajaingia. Mtoto anayefika baada ya wiki tatu, kidonda kimeoza, anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi.

Niongeze kitu kinachotuhusu sisi wa mkoa huu. Tangu 2011 Tanzania ina kanuni zinazotaka viwanda vikubwa viongeze foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Jambo jema sana. Lakini sisi tunakula ugali wa nini? Mtama, uwele, na mahindi tuliyolima wenyewe tukasaga kwa mashine ya kijijini. Unga huo haukupita kiwandani. Kwa hiyo binti wa Dodoma anayetarajia kuolewa au kubeba mimba asitegemee unga. Ameze vidonge. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hilo ni lenu, nyumba kwa nyumba.

Niende kwenye damu, nitapita haraka.

Kondo likichoka, na hasa kwa mama mwenye shinikizo la damu, mtoto hufanya uamuzi mkubwa bila kuamua. Mwili wake unapunguza damu inayokwenda tumboni na miguuni, unaielekeza kwenye ubongo na moyo. Kwa dopla tunauona uamuzi huo: mshipa wa kati wa ubongo umefunguka, na kwenye mishipa ya kitovu damu inapita kwa shida, au mapigo yakitulia inasimama kabisa. Zamani tulifundishwa kwamba mtoto huyo amejilinda na ubongo wake uko salama. Sasa tunajua si salama hivyo. Watoto waliopita hali hiyo wanaweza kuja kupata shida ya kujifunza na kukua. Mshipa huohuo wa ubongo, kasi ya damu ikipanda kupita kiasi, hutuambia mtoto ana upungufu wa damu, kama inavyotokea kundi la damu la mama linapopambana na la mtoto. Giancarlo Mari na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 2000, na tangu hapo sindano nyingi za kuchoma tumboni kuchukua maji ya uzazi zikaepukwa.

Alikuja mama wa wiki 31, miguu imevimba, shinikizo liko juu, anasema kichwa kinamgonga. Mtoto mdogo kuliko umri wake. Damu ya kitovu inasimama. Tulimpa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, na magnesiamu salfeti. Magnesiamu inamzuia mama asipate kifafa, na kwa mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 32 inapunguza hatari ya utindio wa ubongo. Dawa moja, faida mbili, na ipo kwenye kabati zetu! Mtoto alizaliwa ana uzito wa kuku. Alikaa kifuani mwa mama yake kwa njia ya kangaruu, mchana mama, usiku shangazi akipokea. Kliniki ya mwisho niliyowaona alikuwa anavuta stetoskopu yangu kwa mikono yote miwili.

Sasa tufike kwenye kile kilichonileta. Mwendo.

Akina mama, nawauliza ninyi. Mtoto huanza kucheza lini? Nasikia miezi minne, nasikia mitano. Hapo ndipo ninyi mnaanza kumsikia, wiki ya 18 hadi ya 20. Yeye ameanza zamani. Wiki ya saba hadi ya nane ameshaanza kujitikisa. Miezi mitatu haijaisha, anapeleka mkono usoni, anameza, anapiga mwayo. Miezi saba inapofika kope zimefunguka, anapepesa macho gizani. Anafanya hayo kwa nini, na hakuna anayemwona? Kwa sababu ubongo unajijenga kwa kufanya kazi. Kila mwendo ni taarifa kutoka ndani ya kichwa kile.

Heinz Prechtl, daktari aliyefanya kazi Groningen, Uholanzi, alitumia miaka mingi kutazama watoto wachanga na walio tumboni bila kuwagusa. Kuwatazama tu. Alichotufundisha ni kwamba tusihesabu mtoto amecheza mara ngapi, tutazame amecheza vipi. Mtoto ambaye ubongo wake uko vizuri hachezi kwa namna moja. Mkono unaanza, mguu unafuata, kiwiliwili kinajinyonga, mwendo unapanda na kushuka, haujirudii. Mtoto ambaye ubongo umeumia anaweza kucheza sana, lakini kwa ukakamavu: viungo vyote vinajibana pamoja, vinaachia pamoja, tena na tena, vilevile. Mama atakwambia anacheza vizuri. Na kweli anacheza. Ila anavyocheza ndiko kwenye habari.

Kisha ikaja utrasaundi ya 4D, yaani picha yenye kina inayotembea, uso unauona uso na vidole unaviona vidole. Mwaka 2008 Asim Kurjak na wenzake wa Zagreb, Kroatia, wakatoa kipimo kinachoitwa KANET, yaani kipimo cha Kurjak cha kutazama ukuaji wa ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2010 wataalamu walikutana Osaka, Japani, wakakinyoosha. Kina dalili nane, na baadhi ya yanayotazamwa ni haya. Je, mtoto anainamisha kichwa mbele? Je, mifupa ya fuvu imepandana, na kichwa kina mzunguko unaostahili? Anapepesa macho? Uso unabadilika, anakunja, anatoa ulimi? Anafungua mdomo, anapiga mwayo, ananyonya? Mkono unatembea wenyewe, na vidole je? Anapeleka mkono usoni? Na kwa ujumla, mwendo wake wote unaonekanaje? Kila dalili inapewa 0, 1 au 2. Akipata 10 hadi 16, ni vizuri. Akipata 6 hadi 9, kuna mashaka, tunarudia. Akipata 0 hadi 5, kuna tatizo la kufuatiliwa kwa karibu. Kinafanyika kati ya wiki ya 28 na ya 38, kwa dakika 15 hadi 20, mtoto akiwa macho.

Akiwa macho! Nalisisitiza kwa sababu haraka zetu zinaua kipimo hiki. Foleni ndefu, mtoto amelala, mpimaji anaandika "hachezi". Mtoto aliyelala si mtoto mgonjwa. Mama atembee, anywe chai, arudi. Asiporidhisha, aje kesho. Na kumbukeni kuuliza dawa alizotumia, kwa sababu zipo zinazomtuliza mtoto.

Nitawaambia kuhusu kidole gumba. Mama wa wiki 32, shinikizo la damu, na nyumbani ana yule mtoto wa miaka sita niliyemtaja. Tukaweka probu, kile kishikio cha mashine tunachopitisha juu ya tumbo. Mikono yote miwili ya mtoto ilikuwa ngumi, na kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi. Wakunga mnaijua ngumi hiyo kwa watoto waliozaliwa wakiwa wameumia ubongo. Kila mtoto hufanya hivyo kidogo, kisha hufungua. Huyu hakufungua. Uso umetulia. Alama zikaishia kwenye mashaka. Mama akauliza, "Ni kama kaka yake?" Nikamjibu: leo sina jibu, na sitakutungia. Tutarudia baada ya wiki mbili, na hapo katikati tutalishusha shinikizo lako na kuangalia damu yake.

Baada ya wiki mbili ngumi ya kulia ilikuwa vilevile. Tukasubiri. Mama alikuwa anashika upindo wa kitenge chake. Kisha kidole cha shahada kikanyooka. Kikarudi. Kikanyooka cha kati. Gumba likatoka, mkono mzima ukafunguka mbele ya uso, na mtoto akapiga mwayo mrefu. Muuguzi aliyekuwa nami alisema "Aah!" kwa sauti, mlinzi akachungulia mlangoni. Hiyo ni alama kwenye vidole, na alama kwenye mdomo. Mtoto alizaliwa hospitali, akalia, na anafuatiliwa. Sisemi kipimo kilimponya. Nasema kilituambia tufanye nini, lini, na tusifanye nini kwa pupa.

Na niseme wazi mipaka yake. KANET si kipimo cha kila mjamzito. Miongozo ya kimataifa ya kuchunguza ubongo wa mtoto aliye tumboni bado inaegemea zaidi umbo. Alama ndogo si hukumu, alama kubwa si hati ya dhamana. Mtoto aliyepata 16 anaweza bado kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kama uchungu haukusimamiwa vizuri, au kupata manjano makali yakaachwa bila taa, na ubongo ukaumia. Nchi tajiri zimeona kwamba sehemu kubwa ya utindio wa ubongo huanza kabla ya uchungu. Kwetu, kukosa hewa, manjano na malaria kali bado vinachukua nafasi kubwa. Kwa hiyo partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ijazwe, mfuko wa kumpumulishia mtoto uwe karibu na kitanda. Hakuna mashine ya 4D inayochukua nafasi ya hayo.

Najua mnachowaza: "Daktari, 4D hatuna." Kweli, haipo kila hospitali ya wilaya. Lakini Prechtl na wanafunzi wake walianza kusoma mwendo wa mtoto kwa picha bapa za kawaida, zile mlizonazo. Ukimaliza kupima uzito, usiondoe probu. Weka mkono wa mtoto katikati ya kioo, kaa hapo dakika tatu, tazama. Unafunguka? Unafika usoni? Andika. Ukitilia shaka, mpe rufaa. Dakika tatu!

Na mama aliye nyumbani naye ana kipimo chake. Yeye hawezi kujua ubora wa mwendo, lakini anajua kawaida ya mtoto wake kuliko mtu yeyote. Akisema, "Leo hachezi kama jana," asiambiwe anywe soda akalale. Apimwe siku hiyohiyo. Kama ni usiku na kijiji kiko mbali, mpigieni 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, usafiri utafutwe.

Jambo linaloweza kuharibu yote haya ni tarehe.

Nikimtazama mtoto nikasema mikunjo ya ubongo imechelewa, imechelewa kulinganisha na nini? Na umri. Nikisema ni mdogo, ni mdogo kwa wiki ngapi? Alinijia mama kutoka upande wa Bahi, mpole sana, nikamuuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Akasema, "Niliiona mvua za kwanza zilipoanza kunyesha." Mvua ya Dodoma! Mwaka huu inaanza mwishoni mwa Novemba, mwaka mwingine Januari. Kwa vipimo alionekana wa wiki 29. Ama ni mtoto wa wiki 29 mwenye afya, ama ni wa wiki 32 aliyedumaa na ubongo uko hatarini. Utrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza ingekosea kwa siku tano hadi saba tu. Ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki tatu. Wiki tatu ndiyo tofauti ya kusubiri na kuokoa. Tulilazimika kumlaza na kumfuatilia kwa dopla ndipo tukajua ni mtoto mwenye afya. Siku zote hizo hakuwa na wanawe, wala hakuna aliyemwangalizia mbuzi.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apate utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na mahudhurio manane ya kliniki. Akina mama wengi wa mkoa huu tunawaona tumbo limeshatokeza, mwezi wa tano, wa sita. Wengine wanaona haya kutangaza mimba changa. Wengine wanaambiwa waje na mume, na mume yuko machimboni. Wengine wanaogopa gharama. Akina baba mlioko hapa, mkeo akikosa hedhi, andika tarehe. Kwenye simu, ukutani kwa mkaa, popote. Kisha mpeleke.

Sasa niseme na sisi watumishi kuhusu ulimi, na hapa nitakuwa mkali.

Kuna kituo, sitakitaja, mama alipimwa mimba ya wiki 24. Mpimaji akanyamaza, akaita mwenzake, wakanong'ona. Mama bado amelala, tumbo limejaa jeli. Kisha akaambiwa: "Huyu atakuwa taahira." Akapewa karatasi. Akarudi kijijini kwa bodaboda. Alipofikishwa kwetu alikuwa hajala vizuri siku nyingi, na familia ilikuwa imeshakaa kikao kuhusu yeye. Tulipima. Vyumba vya maji vilikuwa na milimita 11, na kila kitu kingine kiko sawa. Upana huo, ukiwa peke yake bila kasoro nyingine, watoto zaidi ya tisa katika kumi hukua vizuri. Tulimchunguza kaswende na maambukizi mengine, tukarudia kipimo, upana haukuongezeka. Lakini yale maneno hatukuweza kuyafuta.

Je, neno "taahira" lilimsaidia nani? Ukiona jambo, mfute mama jeli kwanza. Mkalishe. Muulize anataka nani awepo. Sema ulichoona, sema usichokijua, sema hatua inayofuata na siku yake. Basi.

Na habari ikiwa mbaya kweli? Ilikuwepo familia moja ambayo mtoto alipata alama 4, kichwa kidogo, uso haubadiliki, mwendo ule wa kukakamaa. Tuliwaambia, baba na mama, wamekaa. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto anasikia maumivu, na kama atamjua mama yake. Walipanga wajifungulie wapi. Mama mkwe aliitwa, akaelezwa na daktari, si na majirani. Mtoto alizaliwa na ulemavu mkubwa, kama tulivyohofia. Lakini wiki ya kwanza tu mtaalamu wa viungo alikuwa amewafundisha namna ya kumweka, kumlisha bila kumpalia, kumnyoosha asikakamae. Ni watoto wangapi wenye utindio wa ubongo katika mkoa huu wanaofika kwa mtaalamu wa viungo wakiwa na miaka minne, miguu imeshapinda? Huyu alianza na siku saba.

Ndiyo maana kwa viongozi mliopo nina ombi la mwisho, na ni la vitendo. Kila mtoto aliyetiliwa shaka tumboni awekewe alama kwenye kadi yake, afuatiliwe hadi atimize miaka miwili. Wakunga, kwenye kliniki ya chanjo msiishie kwenye mizani. Miezi minne, je, anashika shingo? Miezi tisa, anakaa bila kushikiliwa? Mwaka na nusu, anatembea? Anatumia mikono yote miwili, au mmoja daima ni ngumi? Jibu likiwa hapana, msimwambie mama "atachangamka tu". Mwandikieni rufaa siku hiyo, na mpigieni simu mnayempelekea, ili mama akifika akute anatarajiwa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mashine mbili ziko chumba cha pili. Akina mama watatu wamekubali tujifunzie kwao, na mmoja wao ananiambia wa kwake ameamka. Twendeni.